Usipoziba ufa, utaandika maktaba nyingine

Najua nimepotea. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimehama mji, na yupo mmoja aliyeuliza kama nimeoa. Hapana jamani, ni kazi tu za gazeti. Leo nimerudi na hoja iliyonikaa kifuani majuma kadhaa, na nimeona ni heri niitoe hapa kuliko kuendelea kumsumbua mhariri wangu nayo. Ameshaniambia mara mbili: "Hiyo si habari, dogo."

Jambo lenyewe lilianza na hela. Mwenzangu mmoja, mwandishi wa mkoani (jina naliweka kapuni), alikuwa amekuja Dar kufuatilia malipo yake ya safari na habari alizotuma. Jumla shilingi 105,000. Hati ya malipo ikatoka kwenye kompyuta ya wahasibu. Tarakimu ziko sawasawa, na chini yake, kwa maneno: "shilingi elfu mia na tano tu". Mtunza fedha akasoma maneno, akahesabu noti za laki moja, akamkabidhi. Mwenzangu akauliza, nyingine je? Akajibiwa: "Kaka, hapa imeandikwa elfu mia, na tano. Hiyo tano sina chenji."

Mnacheka? Hata mimi nilicheka. Mwenzangu hakucheka, maana hiyo elfu tano ndiyo ilikuwa sehemu ya nauli ya kurudi kwake. Na mtunza fedha, kwa ubishi wake, hakuwa mjinga. Aliikumbuka kanuni ya zamani ya hundi, kwamba maneno na tarakimu zikigombana, maneno ndiyo yanayofuatwa. Na maneno yenyewe, ukiyasoma vizuri, yana maana mbili. "Elfu mia na tano" inaweza kuwa elfu mara mia na tano, yaani 105,000. Inaweza pia kuwa elfu mia, kisha tano, yaani 100,005. Kiswahili chetu kitamu, lakini hapo kina ufa. Ndiyo maana mtaani tukitaka kuepuka ubishi tunasema "laki moja na elfu tano" na mambo yanaisha.

Ilichukua wiki tatu mwenzangu kupata elfu tano yake.

Mimi mwandishi bwana, nikanusa. Nikamtafuta kijana aliyetengeneza mfumo ule wa malipo. Tukakaa kwenye kahawa, nikamuuliza kistaarabu kabisa: imekuwaje?

"Kaka, ile sehemu ya kugeuza namba kuwa maneno sikuiandika mimi," akaniambia. "Nilichukua maktaba iliyoko mtandaoni, ya bure."

"Na ulijua kwamba ina tatizo hilo?"

"Mbona kila mtu anajua."

KILA MTU ANAJUA! Nikamuuliza, sasa mmefanya nini? Akasema wengine wameandika za kwao. Akanitajia tatu za vijana anaowafahamu. Na yeye mwenyewe, akipata nafasi, ataandika ya kwake.

Nilirudi nyumbani nikazitafuta zote tatu. Ya kwanza inaandika 105,000 vizuri kabisa, lakini inaishia 999,999, kana kwamba hakuna Mtanzania mwenye milioni. Ya pili inafika hadi bilioni, lakini ukiipa sifuri inanyamaza. Ya tatu ni nzuri, tena nzuri sana, ila mwenyewe alishaiacha siku nyingi, na barua za watu wanaomuuliza maswali zimejaa hazina majibu. Na ile ya mwanzo, inayotumiwa na wengi, iko vilevile na ufa wake.

Kwa msomaji asiyekaa na watu wa kompyuta, nieleze kidogo. Mtu anapoandika programu, haandiki kila kitu mwenyewe. Kuna kazi zinazojirudia: kupanga tarehe, kuficha neno la siri, kufungua picha, kugeuza namba kuwa maneno. Mtu mmoja akishaiandika kazi hiyo vizuri, anauweka msimbo wake mahali pa wazi ili wengine wauchukue na kuutumia. Furushi hilo la msimbo ndilo linaloitwa maktaba. (Wapo wanaosema "kodi" badala ya msimbo, lakini neno hilo mimi linanikumbusha TRA.) Ni kama kisima cha kijiji. Aliyechimba ni mmoja, wanaoteka ni wengi. Swali langu la leo ni hili: kamba ya kisima ikianza kukatika, tunaibadilisha kamba, au kila mtu anachimba kisima chake nyuma ya nyumba?

Kabla sijawanyoshea wengine kidole, naomba nikiri. Chuoni nilisoma somo moja la kuandika programu, na tangu hapo huwa najiona naelewa. Usiku ule ule, baada ya kuziona zile maktaba nne, mnafikiri nilifanya nini? Nilianza kuandika ya tano! Kweli kabisa. Nilijiambia hizi zote mbovu, ngoja niwaonyeshe. Jioni tatu nzima. Ya kwangu ilikuwa inaandika 105,000 vizuri, inajua laki, inajua milioni. Siku ya nne nikaijaribu kwa hesabu yenye senti, ikaandika mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nikakaa kitandani nikajiuliza, hivi kwa nini sikuisahihisha ile ya kwanza?

Jibu la kweli lilikuwa na mambo matatu, na sidhani kama ni langu peke yangu. Kwanza, kusoma msimbo wa mtu mwingine ni kazi ngumu kuliko kuandika wako. Pili, niliogopa kumwandikia mwenye maktaba nisiyemjua, asije akaniambia sijui kitu. Tatu, na hili ndilo linaloniaibisha, ukiandika kitu kipya kinakuwa na JINA LAKO. Ukiziba ufa kwenye nyumba ya mtu, nani atakuona?

Msidhani ugonjwa huu ni wa Dar es Salaam tu. Kisa kinachonikaa kichwani kuliko vyote ni cha OpenSSL.

OpenSSL ni maktaba inayoficha mawasiliano. Ukifungua tovuti ya benki ukaona alama ya kufuli, kuna uwezekano mkubwa kwamba upande wa pili maktaba hiyo iko kazini. Tarehe 7 Aprili 2014 dunia ikatangaziwa kwamba ina tundu, nalo likapewa jina la Heartbleed. Kosa lenyewe lilikuwa dogo ajabu. Kompyuta mbili zinazozungumza kwa siri hupeana salamu mara moja moja ili kuhakikisha kila moja bado ipo. Moja inasema: nirudishie neno hili, lina herufi kadhaa. Nyingine inalirudisha. OpenSSL haikuwa inahakiki kama idadi iliyotajwa ni ya kweli. Ni kama umwambie Mangi dukani, "nisomee neno 'chai' kwenye daftari lako, lina herufi elfu sitini," naye akakusomea "chai", kisha akaendelea kukusomea madeni ya mtaa mzima mpaka herufi elfu sitini zitimie. Humo ndimo yalimokuwa yakipatikana maneno ya siri ya watu, na hata funguo za siri za seva zenyewe.

Kosa hilo liliingizwa kwenye msimbo siku ya mwisho ya mwaka 2011, likatoka na toleo la Machi 2012, likakaa miaka miwili bila kutangazwa na mtu. Kampuni ya Netcraft ilikadiria kwamba tovuti kama nusu milioni zilikuwa hatarini. Kule Canada mamlaka ya mapato ilitangaza kwamba namba za utambulisho za watu 900 hivi zimeibwa kupitia tundu hilo.

Lakini kilichonishtua mimi si tundu. Ni nyumba yenyewe. Maktaba iliyokuwa ikilinda benki na makampuni ya matrilioni ilikuwa inatunzwa na watu wachache sana, na aliyekuwa akiifanya kama kazi ya kutwa nzima alikuwa MMOJA. Aliyekuwa anashughulikia fedha za mradi, Steve Marquess, alieleza hadharani kwamba michango waliyokuwa wakipata ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Kwa bei ya wakati ule hiyo ni shilingi milioni tatu na ushee. Kwa mwaka! Harusi ya kawaida Sinza inachangiwa zaidi ya hapo kwenye kikao kimoja.

Sasa angalieni watu walivyofanya baada ya hapo, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Kundi la kwanza lilisema nyumba hii haifai, tunachukua msimbo tunaondoka nao. Hao ni watu wa OpenBSD, ambao mwezi ule ule wa Aprili 2014 walianzisha LibreSSL. Kwa wiki ya kwanza tu walifuta mistari zaidi ya 90,000 ya msimbo mkongwe. Mwezi Juni Google nayo ikatangaza tawi lake, BoringSSL, na kusema wazi kwamba ni kwa mahitaji yake, wengine wasilitegemee. Kundi la pili lilisema tuzibe ufa na tulipe mafundi. Tarehe 24 Aprili 2014 shirika la Linux Foundation lilikusanya makampuni makubwa, ikiwemo Google, Microsoft, Facebook, Intel na IBM, kila moja likaahidi angalau dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka 3 kusaidia misingi ya aina hiyo, OpenSSL ikiwa miongoni mwa za kwanza.

Nini kilitokea? LibreSSL ilifanya kazi nzuri, sitaki kuidharau, na mpaka leo iko ndani ya OpenBSD. Lakini Julai 2014, siku chache tu baada ya toleo lake la kwanza kwa mifumo mingine, mtu alionyesha kwamba kwenye Linux namba zake za bahati nasibu zingeweza kujirudia katika hali fulani. Ukuta mpya, ufa mpya. Ililazimika kuzibwa upesi. Nayo mifumo iliyokuwa imehamia huko ikaanza kurudi mmoja mmoja: Alpine Linux ilirudi OpenSSL mwaka 2019, Void Linux mwaka 2021, na mwaka huo huo Gentoo ikaacha kuihudumia LibreSSL. Kwa nini? Kwa sababu programu nyingine zote ziliandikwa kwa kuitegemea OpenSSL, na kila siku mtu alilazimika kurekebisha hiki na kile ili zikubaliane na ile nyingine. OpenSSL yenyewe, ikiwa sasa na mafundi wanaolipwa, ilisafishwa, ikatoa toleo la 1.1.0 mwaka 2016 na la 3.0 mwaka 2021.

Somo ninalolipata mimi ni kwamba nyumba haikuwa mbovu kwa sababu ya mafundi wake. Ilikuwa mbovu kwa sababu wapangaji wote walikuwa wanalala bure na hakuna aliyeuliza paa linaendeleaje.

Najua yupo msomaji anayenisubiri kwenye kona. Atasema: wewe mwandishi, hujaona kwamba wote wakiteka kisima kimoja, kikiingia sumu wanakufa wote? Hoja hiyo ni nzito na siikwepi. Heartbleed ilikuwa hivyo. Desemba 2021 ikaja Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, dunia nzima ikakesha. Machi 2016 kijana mmoja aliyekasirishwa na mgogoro wa jina aliondoa vifurushi vyake zaidi ya 270 kwenye ghala la npm, na kimoja kati ya hivyo, left-pad, chenye mistari 11 tu, kikaangusha kazi za watu wasiohesabika waliokuwa hata hawajui kwamba wanakitumia. Kwa mistari 11 kweli nakubali, iandike mwenyewe. Hakuna haja ya kukodi lori kubeba kiberiti.

Lakini kwa kazi kubwa hoja hiyo inageuka. Kisima cha peke yako nyuma ya nyumba hakina sumu ya kijiji, ni kweli, lakini nani anakipima? Kosa la OpenSSL lilipatikana kwa sababu watu wengi walikuwa na sababu ya kulitafuta. Kosa la maktaba yangu ya jioni tatu lingekaa humo mpaka siku mwandishi mwingine wa mkoani anapunjwa.

Tena kuna hatari upande wa pili, na sitaki kuificha kwa sababu inanipinga. Hata kuboresha kuna namna yake. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian aliisahihisha OpenSSL upande wa Debian tu, akaondoa sehemu ndogo iliyokuwa inaleta malalamiko kwenye chombo cha ukaguzi. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa inachanganya bahati nasibu. Kuanzia hapo funguo za siri zilizotengenezwa kwenye Debian na ndugu zake zikawa za kubahatisha: kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, zilizowezekana zilikuwa 32,768 tu. Iligundulika Mei 2008. Karibu miaka miwili! Maboresho yale hayakukaa mezani kwa wenye nyumba yakapimwa ipasavyo kabla ya kusambazwa. Kwa hiyo ninaposema tuboreshe, sina maana ya kujifungia chumbani na nyundo. Nina maana ya kupeleka marekebisho pale kisima kilipo, yasomwe, yajaribiwe, kila mtu ayapate.

Na wanaopokea nao wana hatari yao. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, alieleza kwamba maktaba ya kubana mafaili iitwayo xz imewekewa mlango wa siri. Aliligundua kwa kushangaa tu kwamba kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde. Aliyeuweka mlango huo, anayejulikana kwa jina la Jia Tan tu, alikuwa amejifanya msaidizi mwema kwa zaidi ya miaka miwili. Na mtunzaji wa xz alikuwa mtu mmoja, amechoka, ameshasema hadharani kwamba afya yake ya akili haiko vizuri, huku watu wasiojulikana wakimshinikiza aachie wengine usukani. Nilipoisoma habari hiyo nilikosa usingizi. Yule mtu hakuhitaji maktaba mpya. Alihitaji wasaidizi wa kweli, wanaojulikana, kabla hajapatikana wa uongo.

Basi je, hakuna wakati wa kuanza upya? Upo. Mwaka 1997 watunzaji wa GCC, chombo maarufu cha kugeuza msimbo kuwa programu, walikuwa wazito kupokea marekebisho. Kundi likajitenga, likaanzisha EGCS. Likafanya kazi nzuri kiasi kwamba Aprili 1999 wenye GCC wenyewe wakalikubali tawi hilo kuwa ndiyo GCC rasmi. Walijitenga kwa sababu mlango ulifungwa, na ulipofunguliwa wakarudi nyumbani.

Mfano mwingine uko hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kwenye mfumo uliojengwa juu ya Microsoft Access. Wagonjwa wa Ukimwi wakaongezeka, na mfumo ukawa kama gari dogo lililobebeshwa mizigo ya Fuso. Mwaka 2004 wahusika wakaamua kujenga upya. Lakini angalieni walivyojenga: waliungana na Partners In Health, waliokuwa na shida ya aina hiyo hiyo, wakajenga kitu kimoja cha wote, OpenMRS, kilichoanza kazi Eldoret mwaka 2006, na mwaka huo huo kikafika Rwinkwavu, Rwanda. Leo kinatumika nchi nyingi. Walipojenga kipya walihakikisha wa kesho hatalazimika kujenga tena.

Na sisi Watanzania tuliwahi kufanya vizuri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupanga hesabu ikizungumza Kiswahili. Wale hawakusema tuandike programu ya Kitanzania kuanzia sifuri. Walichukua OpenOffice iliyopo, wakaifundisha Kiswahili. Wangeanza sifuri, nadhani mpaka leo tungekuwa tunasubiri kitufe cha kuhifadhi.

Sasa twende kwenye lawama, maana blogu bila lawama si blogu. Mimi siwalaumu sana vijana. Nimehudhuria mashindano ya ubunifu kama mwandishi, nimekaa viti vya nyuma nimesikiliza. Kila jaji anauliza swali moja: "Kuna kitu gani kipya hapa?" Sijawahi, narudia, SIJAWAHI kusikia jaji akiuliza, "Umesahihisha nini kilichokuwa kibovu?" Mfadhili naye anataka kukata utepe, na huwezi kukata utepe wa ufa uliozibwa. Zabuni zinaandikwa "kutengeneza mfumo", mara chache "kutunza mfumo". Na sisi waandishi ndio vinara. Kijana akizindua kitu tunampa ukurasa. Kijana aliyekaa usiku akisahihisha mistari sita inayotumiwa na wahasibu wa nchi nzima, mhariri anasema hiyo si habari, dogo.

Gazeti moja nililowahi kulifanyia kazi lilipata fundi mpya. Mfumo wa tovuti uliokuwepo ulikuwa mkongwe na mzito, kweli. Fundi akasema huu hautengenezeki, naandika wangu. Akaandika. Ulikuwa mzuri kwa macho, una rangi. Siku ya kuhamia ikagundulika kwamba habari za miaka kadhaa hazikuhamishika, na diski ya zamani ilishafutwa ili kuupisha mfumo mpya. Humo ndani kulikuwa na habari yangu ya kwanza kabisa kuchapishwa na jina langu juu. Mama yangu ana nakala ya karatasi, imeanza kuwa ya njano. Mtandaoni haipo. Fundi mwenyewe aliondoka baada ya miezi minane, na aliyemfuata, mnaweza kubahatisha alichosema: "Huu hautengenezeki."

Kwa hiyo napendekeza nini? Machache tu. Kabla hujaandika maktaba mpya, isome iliyopo kwa siku mbili, siyo kwa dakika mbili. Mwandikie mwenyewe umweleze tatizo kwa heshima, na mpe nafasi ya kujibu. Akikataa bila sababu, au akiwa ameshaondoka, chukua msimbo uendelee nao, lakini utangaze kwamba unaendeleza, hukuzaa. Ukitaka kujifunza, andika kipya kadiri upendavyo, ila usikimwage sokoni kana kwamba ni dawa. Mambo ya kuficha siri usiandike ya kwako kabisa, tafadhali. Na makampuni yanayotumia maktaba hizi bure na kupata faida, chukueni japo siku moja ya fundi wenu kwa mwezi akazibe ufa wa jirani. Paa ni lenu pia.

Na mimi nilifanya nini? Nilifuta ile ya tano. Nikaifungua ile ya kwanza, yenye ufa, nikaisoma jioni mbili nikiwa na daftari. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari sita. SITA! Nikamwandikia mwenyewe, ambaye nilikuja kugundua ni Mkenya. Zikapita siku tisa, nimeshaanza kununa, akajibu. Alinishukuru, kisha akaniuliza mambo mawili. Moja, majaribio yako wapi? Yaani orodha ya namba na majibu yake sahihi, ili siku nyingine mtu asije akaharibu tena. La pili liliniacha mdomo wazi: kwa nini "laki moja na elfu tano", kwa nini isiwe "mia moja na tano elfu", na hati za serikali zenu huandikaje? Tulibishana wiki nzima, mimi, yeye na binti mmoja wa Zanzibar aliyedandia mazungumzo na kutufundisha wote wawili. Mwisho tukakubaliana mtumiaji achague mwenyewe, lakini hakuna namna yoyote itakayotoa ile "elfu mia na tano". Sijawahi kujifunza Kiswahili cha hesabu kwa kiasi hicho, na zile jioni tatu za maktaba yangu ya peke yangu hazikunifundisha hata robo yake.

Marekebisho yalipokelewa. Jina langu liko kwenye orodha ya waliochangia, mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo. Sitaficha, nimemwonyesha mama.

Nikampigia yule kijana wa mfumo wa malipo: mdogo wangu, toleo jipya limetoka, liweke. Akasema sawa kaka, wiki ijayo. Hiyo ilikuwa wiki nne zilizopita. Juzi nimepokea hati yangu ya malipo, na kwa maneno imeandikwa vilevile kama zamani. Kesho asubuhi nitampigia tena, na keshokutwa, mpaka achoke, maana kuziba ufa nako kunahitaji mtu wa kusumbua.

Haya wadau, sijui wenzangu mnaonaje. Uwanja uko wazi hapo chini, nipigeni mawe kwa hoja. Alamsiki.